Chenga, mashapo na tope: msamiati wa kusafisha shimo linalochorongwa

chenga nm [i-/zi-] 1. punje za nafaka, hasa mchele, zilizovunjika wakati wa kukoboa. 2. (uchorongaji) vipande vidogo vya mwamba vilivyokatwa shimoni, vikiwa bado vinasafiri pamoja na kimiminika kinachovitoa nje.

mashapo nm [ya-] 1. kitu kilichozama na kulala chini ya kimiminika. 2. (jiolojia) udongo, mchanga au changarawe iliyowekwa na maji, upepo au barafu. 3. (uchorongaji) chenga zilizoacha kusafiri na kulala ndani ya shimo.

tope la kuchorongea nm [li-/ya-] kimiminika kilichotengenezwa kwa makusudi, aghalabu maji yaliyochanganywa na udongo wa bentonaiti au polima, kinachosukumwa shimoni ili kutoa chenga, kupoza kichwa cha kuchorongea na kushikilia kuta zisiporomoke.

Maneno haya matatu hutumiwa ovyo katika taarifa za visima, na mara nyingi yote hubadilishwa na neno moja, «uchafu». Tofauti iliyopo kati ya mawili ya kwanza ndiyo kiini cha kazi nzima ya uchorongaji. Kipande kimoja kilekile cha jiwe huitwa chenga kikiwa safarini, na huwa shapo kikilala. Fundi anayesimamia pampu analipwa ili chenga zisigeuke mashapo kabla ya kufika mdomoni mwa shimo. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika katika shimo la wima na katika shimo la mlalo, kisha yanaonyesha kwa nini uteuzi wa neno una uzito kwa watu wanaoishi chini ya Mlima Meru.

Chimba, choronga, pekecha

Kitenzi *chimba* hakisemi lolote kuhusu namna udongo unavyotoka. Mchimbaji wa kisima cha mkono huingia mwenyewe shimoni, hujaza ndoo, na mwenzake aliye juu huivuta kwa kamba. *Choronga* ni kutoboa kwa kuzungusha kitu chenye ncha, na shimo linalopatikana ni jembamba kiasi kwamba hakuna mkono wala ndoo inayoweza kuingia. Katika sekta ya madini nchini Tanzania neno *uchorongaji* limekwisha kukita mizizi. Katika sekta ya maji watu wengi bado husema «kuchimba kisima kirefu», hata pale mtambo unapochoronga. Matumizi yote mawili ni sahihi, ila anayetaka kueleza kazi ya tope hana budi kutumia *choronga*, kwa sababu tatizo la kutoa chenga huzaliwa na wembamba wa shimo.

Ndugu wa karibu wa kitenzi hiki ni *pekecha*. Anayepekecha moto kwa kijiti huchonga pengo dogo ubavuni mwa kibao cha chini, na unga wa mti hutokea hapo. Pengo likikosekana, unga hujaa kitunduni na kijiti huzunguka juu ya unga wake chenyewe. Kichwa cha kuchorongea, ambacho mafundi hukiita *biti*, kiko katika hali hiyohiyo: kisipoondolewa chenga zake, huanza kuzisaga upya badala ya kuukata mwamba mpya.

Kiasi cha chenga si kidogo. Shimo lenye kipenyo cha sentimita 20 hutoa takriban lita 31 za mwamba kwa kila mita moja, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20, hata kabla ya kuhesabu kwamba mwamba uliovunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko mwamba mzima. Kwa kina cha mita 100, hizo ni zaidi ya ndoo 150.

Safari ya tope katika shimo la wima

Tope husukumwa na pampu kupitia ndani ya bomba la kuchorongea, hutokea kwenye matundu ya biti, kisha hupanda kupitia pengo lililopo baina ya bomba na ukuta wa shimo. Likifika juu huingia katika shimo la kutuamishia au hupitishwa kwenye chekeche, chenga hutengwa, na tope lililosafika hurudishwa kwenye pampu.

Ndani ya pengo hilo nguvu mbili hushindana juu ya mstari mmoja. Mkondo wa tope huinua chenga; uzito wa chenga huivuta chini. Chenga hupanda iwapo mkondo ni wa kasi kuliko anguko lake. Chukua mfano wa hesabu: tope linapanda kwa sentimita 60 kwa sekunde, na chenga, kama ingeachwa katika tope lililotulia, ingezama kwa sentimita 10 kwa sekunde. Chenga hiyo itapanda kwa sentimita 50 kwa sekunde, na kutoka kina cha mita 100 itachukua sekunde 200, kidogo zaidi ya dakika tatu, kuona jua.

Sifa ya pili ya tope huonekana pampu inapozimwa ili bomba jipya liunganishwe. Maji matupu yangeziacha chenga zote zizame na kulifunika biti. Tope la bentonaiti hushikana linapotulia na kulainika linapokorogwa. Anayetikisa kibuyu cha maziwa ya mgando anaijua nusu ya kwanza ya tabia hiyo: maziwa yaliyoshikana hulegea kwa mtikiso. Tofauti ni kwamba tope, likiachwa tena, hushikana upya, na linaweza kurudia hivyo mara nyingi. Kwa hiyo chenga hubaki *zimening'inia* katikati ya shimo hadi pampu iwashwe. Kitenzi *ning'inia* kinafaa hapa kuliko *elea*, kwa kuwa chenga ni nzito kuliko tope na zingezama kama zisingeshikiliwa.

Bentonaiti yenyewe ni udongo wa mfinyanzi ambao kwa sehemu kubwa hutokana na majivu ya volkano yaliyobadilika kwa muda mrefu. Jina lake limechukuliwa kutoka Benton, jina la tabaka la miamba huko Wyoming, Marekani, na halina uhusiano na neno lolote la Kibantu.

Shimo la mlalo: pale mkondo na uzito vinapopishana

Shimo likilazwa, hesabu hubadilika kabisa. Tope sasa linakwenda kwa mlalo, lakini uzito bado unavuta chini. Mkondo hauinui tena chenga. Unaisogeza mbele tu, huku chenga ikiendelea kuanguka. Na haianguki kwa mita mia moja. Katika shimo la sentimita 20 lenye bomba la kipenyo cha sentimita 11 hivi, pengo ni sentimita nne na nusu tu. Chenga ileile ya mfano wa juu, inayozama sentimita 10 kwa sekunde, huimaliza safari hiyo kwa chini ya nusu sekunde, ikiwa imesogea mbele kwa robo ya mita au zaidi kidogo. Kisha hulala. Nyingine hulala juu yake. Huo ndio mwanzo wa *tandiko la mashapo*.

Wakazi wa miteremko ya Meru wana kielelezo cha jambo hili nje ya nyumba zao. Wameru na Waarusha, kama Wachaga wa Kilimanjaro, wamerithi ustadi wa kupitisha maji mashambani kwa mifereji. Kila anayefukua mfereji anajua kwamba palipo na mteremko wa kutosha maji hujisafishia njia, na palipo bapa mchanga hulala hadi watu watoke na majembe. Anajua pia njia mbili za kuuondoa bila kuuzoa: kufungulia maji mengi kwa mara moja, au kuingia mferejini na kuukoroga mchanga ili mkondo uuchukue. Mbinu za mafundi wa mashimo ya mlalo ni hizohizo kwa majina mengine.

Mbinu ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni *kuongeza mkondo*. Kadiri tope linavyopita kwa wingi na kwa kasi, ndivyo linavyokwangua uso wa tandiko na kusogeza chenga zilizolala. Mpaka wake ni uwezo wa pampu na uimara wa kuta: shinikizo likizidi, mwamba hupasuka na tope hutorokea kwenye nyufa.

Mbinu ya pili ni *kuzungusha bomba*. Katika shimo la mlalo bomba lenyewe hulala upande wa chini kwa uzito wake, hivyo tope hufuata njia pana iliyo juu ya bomba na kuliacha pembe jembamba la chini likiwa karibu limesimama. Mashapo hukaa hapohapo. Bomba linapozungushwa huyakoroga mashapo na kuyarusha juu, kwenye njia ya mkondo, nayo hurudi kuwa chenga. Mtu anayefukua mfereji kwa kukoroga hufanya jambo lilelile.

Mbinu ya tatu ni *kurekebisha mnato*. Hapa ndipo fikra ya kawaida hupotosha. Wengi hudhani kwamba tope zito daima hubeba vizuri zaidi. Katika shimo la wima fikra hiyo ina ukweli. Katika shimo la mlalo tope zito sana hupita taratibu juu ya bomba na kuacha tandiko likiwa halijaguswa, ilhali tope jepesi lenye mkondo wa misukosuko hulikwangua vizuri, ingawa huziangusha chenga upesi pampu inapozimwa. Mafundi wengi hupitisha kwanza kiasi cha tope jepesi ili kukoroga, kisha kiasi cha tope zito ili kuzoa kilichokorogwa.

Mbinu ya nne ni *subira*: kuacha kukata mwamba, kuendelea kusukuma tope na kuzungusha bomba mpaka kinachotoka mdomoni kiwe safi, kabla ya kulivuta bomba nje. Anayelivuta bomba juu ya tandiko hulikusanya mbele ya biti kama theluji mbele ya reki, au, kwa mfano ulio karibu zaidi, kama mchele unaosukumwa kwa kiganja juu ya mkeka. Rundo likiziba pengo, bomba hukwama.

Hali iliyo ngumu kuliko zote haipo kwenye ulalo kamili. Shimo lililoinama kwa takriban nyuzi 40 hadi 60 kutoka wima ndilo husumbua zaidi. Hapo chenga huangukia ukuta wa chini kama katika shimo la mlalo, lakini tandiko halitulii: pampu ikizimwa, huporomoka kuelekea chini kwa pamoja, kama kifusi cha mlimani. Visima vingi vya jotoardhi huko Olkaria, Kenya, huanza wima kisha hukunjwa ili kufikia nyufa zenye mvuke, na kadiri shimo linavyoinamishwa ndivyo wachorongaji wanavyoikaribia shida hiyo.

Mijini, uchorongaji wa mlalo hutumika kupitisha mabomba ya maji na nyaya chini ya barabara au mto bila kukata lami wala kuzuia maji. Katika mji kama Arusha, unaokatizwa na Themi, Naura, Burka na vijito vingine, faida yake ni dhahiri. Hatari yake ni dhahiri vilevile: mashapo yakiziba njia ya kurudi, tope hutafuta njia nyingine, na linaweza kuchomoza katikati ya barabara au ndani ya mto uliokusudiwa kulindwa.

Miamba ya Meru

Visima vingi vya maji vya Arusha ni vya wima. Hata hivyo mlima huu huyafanya mashimo ya wima yawe na matatizo yake. Meru ni volkano iliyojengwa kwa tabaka za lava ngumu, majivu, na mawe yaliyochanganyika na udongo kutokana na maporomoko makubwa; upande wake wa mashariki ulibomoka zamani na kusambaza kifusi hadi eneo la maziwa ya Momela. Mchorongaji hupita katika lava ngumu, kisha majivu yanayoporomoka, kisha lava yenye nyufa, katika shimo moja.

Katika lava ngumu, mafundi hupenda kutumia nyundo inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Hewa huchukua nafasi ya tope, lakini kwa kuwa ni nyepesi mno hulazimika kupanda kwa kasi ya takriban mita 15 kwa sekunde au zaidi, mara 25 ya kasi ya tope katika mfano uliotangulia. Povu likiongezwa, kasi inayohitajika hupungua. Katika majivu, hewa haiwezi kushikilia kuta, na tope huhitajika. Katika lava yenye nyufa, tope humezwa: linashuka na halirudi, na chenga hazirudi pia.

Tope lina deni moja linalopaswa kulipwa katika kisima cha maji. Utando uleule unaoshikilia ukuta huziba vinyweleo vya mwamba ambavyo maji yatapitia. Kisima kisiposafishwa baada ya kuchorongwa huweza kutoa maji machache kuliko uwezo wa ardhi, na lawama ikaangukia mlima.

Kuna sababu nyingine ya kuzijali chenga hapa. Maji mengi ya eneo la Meru yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na madhara yake huonekana katika meno yaliyobadilika rangi na, kwa waliokunywa maji hayo kwa miaka mingi, katika mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Macho hayasaidii. Waliouita mto Maji ya Chai waliona rangi ya maji. Walioita Ngarenanyuki, kutoka maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji mekundu, waliona rangi pia. Floraidi haina rangi wala ladha ya kuonya.

Kwa kuwa maji ya tabaka moja huweza kutofautiana na ya tabaka jingine, inafaa kujua ni mwamba upi uliopo katika kina kipi, ili mabomba yenye matundu ya kuingiza maji yawekwe mahali panapostahili na maji yapimwe maabara. Shahidi wa tabaka hizo ni chenga zinazotandazwa juu ya ardhi, fungu moja kwa kila mita. Iwapo shimo linachorongwa kwa mita 10 kwa saa na chenga zinapanda kwa dakika tatu na nusu hivi, ushahidi unachelewa kwa nusu mita tu. Iwapo shimo halisafishwi, chenga za jana hupanda pamoja na za leo, na daftari la kisima huandika mwamba usiokuwapo.

Mahitaji haya si ya kinadharia. Mradi mkubwa wa majisafi wa Jiji la Arusha, wa takriban shilingi bilioni 520 na uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulitegemea visima virefu kwa sehemu kubwa. Vijijini nako jumuiya za watumia maji hupokea taarifa za visima na kuzitolea uamuzi.

Matumizi yenye kutatanisha

*«Kisima kinatoa tope.»* Sentensi hii inaweza kuwa habari njema au mbaya. Wakati wa kuchoronga, tope linalorudi juu ni dalili kwamba njia iko wazi. Kisima kikishakamilika, tope bombani ni dalili kwamba udongo unaingia au usafishaji haukutosha. Andika: «Tope la kuchorongea linarudi» kwa hali ya kwanza, na «Maji ya kisima yana udongo» kwa hali ya pili.

*«Uchafu umeondolewa.»* Neno *uchafu* huficha ni nini kilichotoka: chenga, mashapo, au utando wa tope. Kila kimoja huondolewa kwa njia yake na kwa gharama yake. Kamati inayolipia kazi ina haki ya kutajiwa kimoja kimoja.

*«Tope limepotea.»* Ni matumizi sahihi ya kifundi, kwa maana ya tope kumezwa na nyufa. Kwa msomaji wa kawaida ni afadhali kuandika «Tope limemezwa na mwamba», asije akadhani limeibiwa.

*Chenga* ya hapa isichanganywe na *piga chenga*, yaani kukwepa. Katika umoja na wingi haibadiliki: *chenga hii, chenga hizi*. *Mashapo* hutumiwa zaidi katika wingi.

Mifano ya sentensi

Chenga za mita ya 64 zilikuwa nyeusi na ngumu. Za mita ya 65 zilikuwa majivu mekundu.

Pampu ilipozimwa, chenga ziliendelea kuning'inia katika tope kwa muda wote wa kuunganisha bomba.

Bomba lilikwama kwa sababu mashapo yalikuwa yametanda upande wa chini wa shimo.

Endeleeni kuzungusha bomba mpaka tope litoke bila chenga, ndipo mlivute.

Tazama pia: bentonaiti, choronga, floraidi, kisima, mfereji, mnato, ning'inia, pekecha, tuama, zama.